Maduara Kumi na Mawili ya Chaki

Kha.

Hilo lilikuwa kufuli la kwanza. Nilikuwa nimefumba macho, kama mtoto anayedhani asipoona na yeye haonekani, na nikaomba moyoni liwe hilo moja tu. Likaja la pili, zito zaidi. Kisha viatu vya afisa wa ushuru vikaenda zake juu ya kokoto, bila haraka, kama viatu vya mtu anayekwenda kula.

Nikafumbua macho. Hapakuwa na tofauti. Taa ya ghala huzimwa kwa nje.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Wiski ambayo haijalipiwa ushuru hulindwa na serikali na kiwanda pamoja, kwa hiyo makufuli yale hayafunguliwi mpaka saa kumi, na hayafunguki ila afisa awe na ufunguo wake na meneja awe na wake. Nilikuwa nimechuchumaa kati ya pipa la nane na la tisa, mkononi nina kitambaa kibichi, ndani ya ghala ambalo jina langu halikuandikwa kuingia.

Wewe uliyenisoma gazetini juma lililopita unajua nilifikaje hapo. Wewe uliyefungiwa sabuni kwa ukurasa huu, nakupa kwa kifupi, maana aibu ikisimuliwa mara mbili haipungui, inazoeleka tu.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha wiski, ghala la pili. Wiski iliyokwisha kukomaa tunaihamishia kwenye mapipa yaliyokuwa na mvinyo, ilale humo nusu mwaka, ivute rangi na utamu. Tunauita usingizi wa pili. Kazi hiyo nilitafutiwa na Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, fundi mapipa wa kiwanda, aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Nami nikamlipa kwa shairi.

Nilikusimulia shairi lenyewe. Siku ile ya chai ya wafanyakazi nilisimama juu ya kreti, nikiwa na miaka ishirini na mbili na kichwa kikubwa kuliko kreti, nikaghani hivi:

*Pua hiyo imechoka, yanusa hata kivuli,*
*Pipa likishafunguka, yasema hii asali,*
*Siki kama yamwagika, yaapa ni maji kweli,*
*Baba, wakati wafika, tupishe sisi wakali.*

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba Mdogo aliinuka na kikombe chake, akatoka nje, na tangu hapo hakunisemesha. Nyumba moja, meza moja, chumvi tukipitishiana kupitia kwa Mama Mdogo, kama mataifa mawili yaliyovunja uhusiano.

Sasa sikiliza kosa lenyewe.

Muuzaji wa mvinyo akimaliza pipa huwasha utambi wa salfa ndani yake, lisiote ukungu safarini. Salfa hiyo lazima itoke kabla hatujaweka wiski. Maji ya moto mara tatu, pipa likae wazi siku mbili, kisha pua mbili. Mtu wa kwanza anainamia tundu, ananusa, hasemi kitu, anachora alama yake ya chaki kwenye uso wa pipa na kuondoka kabisa. Wa pili anakuja baadaye, ananusa, hasemi kitu, anachora yake. Hakuna kuulizana, kwa sababu ukimwambia mwenzako umesikia limau, naye atasikia limau. Alama yangu ni mshale. Alama ya Baba Mdogo ni duara.

Yalipokuja mapipa kumi na mawili, mimi niliyapitisha maji mara moja tu. Nilikuwa na beti kichwani zikinidai karatasi. Ilipofika zamu ya pua ya pili, ilinibidi nimwendee Baba Mdogo, nimwamkie, nimwombe. Nikaona bora nife.

Nikanusa peke yangu. Nilikuwa na mafua. Nikachora mishale kumi na miwili, na kwa chaki ileile, maduara kumi na mawili.

Miezi sita ikapita. Jumatatu ya juma lile meneja wetu, tunayemwita Mama Kipimo kwa sababu hata sukari ya chai huipima kwa kijiko cha maabara, alifungua pipa la kwanza na kichwa kikamrudi nyuma kama aliyepigwa. Njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, na nyuma yake yai viza. La pili hivyo hivyo. Yote kumi na mawili.

Kwa sheria yetu pua ya pili ndiyo inayobeba lawama, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kusema ndiyo. Baba Mdogo aliitwa, akasimama mbele ya mapipa, akayatazama maduara yale muda mrefu, na hakukana. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake, nikichunguza viatu vyangu.

Ijumaa asubuhi Mama Kipimo akatangaza: saa kumi ataingia ghalani pamoja na afisa, watazisoma alama moja moja na kuziandika kwenye ripoti. Mwenye duara aanze kufungasha vitu vyake.

Ndiyo maana nikaingia. Mlango ulikuwa wazi kwa dakika chache, toroli likipitishwa, nami nikapita nyuma ya toroli. Ningependa kukwambia nilikwenda kumwokoa Baba Mdogo. Nilikwenda kufuta chaki kabla mtu mwenye macho hajagundua kwamba yale maduara yamechorwa na mkono wa kijana.

Nilikuwa nimefuta nusu ya moja tu, la pipa la tisa, makufuli yalipolia.

Na hapo gizani, kwenye safu ya mbele, mtu akakohoa.

Kikohozi kile nimelala chumba cha pili nacho miaka kumi na mitatu. Tochi ikawaka, ikanipiga usoni.

“Shikamoo, Baba Mdogo,” nikasema.

Kisha, polepole, kama mtu anayetoa kitu mfukoni bila kutaka: “Marahaba.”

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miezi saba.

Akaniuliza nafanya nini mle. Nikasukuma kitambaa mfukoni na kumwambia nimekuja kumsaidia. Uongo huo niliutoa bila kufikiri, kama mtu anavyoinua mkono kukinga jiwe. Sikutegemea kwamba atauamini.

Aliuamini. Uso wake, uliokuwa umefungwa tangu siku ya kreti, ukalegea. Akashusha tochi.

“Umekubali kufungiwa kwa ajili yangu,” akasema. “Na jina lako halimo kwenye daftari la afisa. Wewe mtoto una wazimu.”

Nilikuwa nimebanwa na makufuli mawili tayari. Sasa nikabanwa na shukrani.

Akanieleza. Alimwomba Mama Kipimo muda hadi saa kumi, peke yake, aijaribu wiski. Akiweza kumwonyesha glasi moja safi kutoka kila pipa, meneja ataamini kwamba mzigo unatibika, na hautamwagwa. Yeye ataondoka vilevile, lakini ataondoka akiwa ameacha kitu kizuri nyuma. Kwenye toroli alikuwa na glasi kumi na mbili, mrija wa kioo wa kuvutia sampuli, ndoo ya maji, mchanga, na vipande vya shaba alivyovikata kwenye bomba kuukuu la mtambo.

“Kilichonisumbua,” akasema, “ni nani atakayenusa.”

Nikadhani anatania. Nikamwambia pua yake inajulikana kiwanda kizima.

“Inajulikana na wewe zaidi,” akajibu, na tochi ikatazama sakafu. “Tangu homa ile ya mwaka jana sisikii kitu. Si kahawa, si rangi, si shati langu mwenyewe. Zamu ya kunusa ikifika najifanya nina pete za chuma za mapipa za kugonga, wenzangu wananusa. Nilidhani nimeficha vizuri. Halafu wewe ukapanda juu ya kreti.”

Nikataka kusema sikujua. Hakuniachia nafasi.

“Nilijua umeng'amua. Sikukukasirikia, mwanangu. Niliona aibu. Mtu akiona aibu anafanana sana na mtu aliyekasirika.”

Miezi saba nilijivunia ile hasira. Niliitungia beti nyingine tatu.

Tukaanza kazi, maana hapakuwa na kingine cha kufanya, na kazi ina huruma kuliko mazungumzo. Nikasugua shaba kwa mchanga mpaka ikawa nyekundu kama jeraha jipya. Yeye akavuta sampuli pipa kwa pipa. Tukazimua kila glasi kwa maji nusu kwa nusu, kwa sababu wiski ikiwa kali mno pua inashika moto tu na haisikii ugonjwa. Nikafunika kwa kiganja, nikatikisa, nikanusa.

Glasi ya kwanza nusura initapishe. Yeye akanitazama mdomoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

“Yai,” nikasema.

“Kiasi gani?”

“Kuku mzima.”

Alicheka kidogo. Akatia kipande cha shaba na kutazama saa yake. Shaba inaikamata salfa na kuishika, akanieleza, ndiyo maana mitambo yetu ni ya shaba. Lakini ni dakika kumi tu. Ukizidisha, unaondoa yai unaweka msumari. Baada ya dakika kumi akatoa shaba, imegeuka nyeusi pembeni, akaimimina wiski kutoka glasi hadi glasi kwa juu, mara ishirini, hewa ipate kuingia.

Nikanusa tena. Yai lilikuwa limekwenda. Njiti ya kiberiti ilikuwepo bado, lakini mbali, kama imewashwa nyumba ya jirani. Chini yake nikasikia zabibu kavu na mbao tamu, kile hasa tulichokuwa tukikitafuta tangu mwanzo.

Nilipomwambia, alifumba macho. “Sema tena. Polepole.”

Nikasema polepole. Nadhani hakuna aliyewahi kunisikiliza vile, hata siku ya kreti.

Salfa iliyobaki, akasema, itanyonywa na mapipa mapya yaliyochomwa ndani, makaa yake yanajua kazi hiyo. Miezi miwili inatosha. Kuchuja kwa makaa ya unga kungekuwa haraka, ila kunaondoa kibaya na kizuri pamoja na kukuachia maji yenye hasira.

Pipa la tano lilipogoma kidogo, nikamshauri tutie mvinyo mtamu matone mawili matatu, Mama Kipimo asigundue. Alinikata kwa macho.

“Hiyo ni kuipaka poda,” akasema. “Atakayeinywa ataikuta chini ya glasi, mimi nikiwa sipo kumwomba radhi.”

Mtu aliyeficha pua yake mwaka mzima alikataa kuficha tone moja la wiski. Na mimi niliyekuwa nikimshauri nilikuwa na kitambaa cha chaki mfukoni, kikinilowesha paja.

Ilipofika saa nane na nusu tulikuwa na glasi saba safi. Saa tisa, glasi kumi. Mkono ulizoea: vuta, zimua, nusa, shaba, hesabu, mimina. Yeye akahesabu dakika, mimi nikataja ninachosikia, na nakiri kwamba kwa muda nilisahau nimefungiwa. Nilianza hata kupiga hesabu zangu. Wiski inapona. Ikipona, Mama Kipimo atatabasamu kwa upana wa kijiko chake. Akitabasamu, nani atauliza habari za chaki? Labda nisiseme kitu kabisa.

Glasi ya pipa la tisa, lenye duara nililolifuta nusu, niliikwepa mpaka mwisho; nilipoifikia nikasimama. Yai lilitoka kwa shaba kama mengine, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine: kabati lililofungwa msimu mzima wa mvua. Nikamwambia ni ukungu.

“Ukungu hautibiki,” akasema bila hata kufikiri. “Umo kwenye mbao. Hilo liandikwe limekufa. Kumi na moja zinatosha.”

Nikamwambia basi tumeshinda. Mama Kipimo akiona kumi na moja atamwachia kazi yake, mimi nitamtetea.

Akaketi juu ya ndoo aliyoipindua. Akazima tochi ili kutunza betri, na akasema gizani maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikiamka.

“Hata akiniomba nibaki, sitabaki. Pua si kitu, mtu anaishi bila pua. Mimi niliapa sitachora tena lile duara. Niliapa kabisa, kwa sababu ningekuwa nasema uongo kwa chaki. Na Jumatatu nikakuta nimelichora mara kumi na mbili. Unaelewa? Nilikuja hapa, nikainama mara kumi na mbili, nikachora, nikaenda nyumbani nikala, na sikumbuki chochote.”

Nikabana kitambaa mfukoni.

“Mama yangu alianza hivi,” akaendelea. “Bibi yako. Mwanzo mambo ya kazini, kisha sufuria zinaungua. Mwisho ananiuliza kila asubuhi mimi ni mtoto wa nani.”

Nikaikumbuka karatasi iliyobandikwa juma lile kwenye mlango wa jikoni kwetu, yenye maneno mawili: *Zima jiko.* Nilimcheka Mama Mdogo kwa karatasi ile. Naye aliniambia si yake, na nikadhani anaona haya.

“Nimeanza kuandika,” akasema Baba Mdogo. Nikamsikia akipapasa kijidaftari mfuko wa shati. “Majina yenu nimeyaweka ukurasa wa kwanza. Nina ombi moja tu kwako, na ni nusu utani: siku nitakapokusahau wewe, usinitungie shairi.”

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno. Nikiwa na hasira yanakuja yenyewe yamejipanga, vina kati na vina mwisho. Pale nilitafuta hata neno moja nikakuta kabati tupu. Kwa hiyo nikatoa kitambaa mfukoni, nikaishika tochi yake, nikaiwasha juu ya kitambaa. Kilikuwa kimejaa weupe wa chaki.

“Hukuchora, Baba Mdogo. Nilichora mimi.”

Hakuelewa, au alikataa kuelewa. Nikamweleza yote: maji ya mara moja, mafua, chaki, na kwa nini sikumwendea. Nilivyosema, lilisikika dogo na chafu. Kijana hakutaka kusema shikamoo.

Aliinuka. Akachukua tochi, akaenda mpaka pipa la kwanza, akamulika duara.

“Na hili?”

“Nilichora mimi.”

Akaenda la pili. “Na hili?”

“Hilo pia.”

Akaenda la tatu. Alipita yote kumi na mawili namna hiyo, hakuruka hata moja, na kila alipouliza nilijibu. Kwenye la tisa akagusa ile nusu iliyofutwa na kuangalia kidole chake. Kwenye la kumi na mbili aliuliza mara mbili.

Kisha akarudi, akanizaba kofi. Moja, safi, la mkono uliogonga pete za chuma miaka thelathini. Lilikuwa na mizani kamili.

Halafu akaketi tena juu ya ndoo na mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanatoka, vyote pamoja.

“Sijasahau,” akasema. “Ewe Mola, sijasahau. Mshenzi wewe. Juma zima nimekuwa nikijiaga.”

Ningetaka kuishia hapo. Mambo yangu hayaishii pazuri.

Kokoto zikalia nje. Safari hii jozi mbili za viatu, na vya mwanamke vikiwa mbele. Baba Mdogo akafuta uso kwa mkono wa shati na akawa mtu mwingine. Akanishika kola na kunisukuma nyuma ya pipa la tisa, akininong'oneza haraka. Daftari la afisa lina mtu mmoja. Asiyeandikwa akikutwa ndani ya makufuli mawili ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Na alama ya uongo kwenye mali iliyo chini ya ufunguo wa ushuru si kosa la kazini, ni la polisi.

“Mimi wataniita mzee aliyechoka,” akasema. “Wewe watakuita mhalifu. Niahidi hutatoka.”

Kha, kufuli la kwanza.

“Niahidi.”

Sikumwahidi. Sikukataa pia. Kufuli la pili likafunguka na nikajikunja chini, nikavuta magoti kifuani. Taa ikawaka, kali kama maji ya moto.

Kupitia upenyo kati ya mapipa niliona sketi ya Mama Kipimo, viatu vya afisa, na daftari kubwa chini ya kwapa lake. Mama Kipimo hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye glasi. Akanusa ya kwanza, akasita, akanusa tena. Akaenda ya pili. Alipofika ya sita alikuwa anaguna mwenyewe kwa kuridhika, na moyo wangu ukaanza kupanda.

“La tisa lina ukungu,” akasema Baba Mdogo. “Lisiuzwe.”

Mama Kipimo akairudisha glasi kwenye toroli, taratibu kabisa.

“Umejuaje?”

Baba Mdogo akaanza kuzipanga glasi upya.

“Asubuhi ulikaa ofisini kwangu, mzee wangu, ukaniambia husikii hata rangi. Nilikuheshimu kwa kusema ukweli huo. Sasa nani amekwambia la tisa lina ukungu?”

Akasema shaba ilibadilika rangi tofauti. Aliusema uongo vibaya, kama mtu anayevaa shati la mwenzake.

Afisa akafungua daftari. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hao ndio wabaya. “Nimeandika mtu mmoja,” akasema. “Kama wako wawili, yule aliyemficha mwenzake nitaondoka naye leo hii.”

Basi hesabu ikawa hivyo. Nikitoka, Baba Mdogo anakamatwa kwa kunificha. Nikibaki, anafukuzwa kwa duara langu. Nilikuwa nyuma ya pipa lenye harufu ya kabati la mvua, na kila mlango niliougusa ulifunguka kumwangukia yeye.

“Niko peke yangu,” akasema Baba Mdogo.

Mama Kipimo hakubishana naye. Alichukua glasi mbili, akampa mgongo, akazibadilisha badilisha mkono, akamgeukia. Moja ilikuwa ya pipa la kwanza, iliyotibiwa. Nyingine aliivuta mwenyewe mbele yangu, mbichi kabisa kutoka pipa la saba, yai na kiberiti na kila kitu. Mimi niliisikia kutoka nilipokuwa, hatua nne, chini sakafuni.

“Nionyeshe iliyo safi,” akasema.

Baba Mdogo akapokea glasi ya kushoto. Akaizungusha vizuri, kifundi, akaifunika kwa kiganja, akaipeleka puani na kufumba macho. Akafanya hivyo hivyo na ya kulia. Alichukua muda wake. Uso ulikuwa na heshima yote ya miaka thelathini. Kisha akainua ile iliyooza.

“Hii,” akasema. “Hii ni safi.”

Afisa alikohoa akatazama pembeni. Mama Kipimo aliipokea glasi kutoka mkononi mwake kwa mikono miwili, kama unavyompokea mtu mzima kitu kizito. Hapo ndipo Baba Mdogo alipojua kwamba amechagua iliyooza.

Nikasimama.

Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikajigonga kwenye pipa, na kizibo kikaanguka na kubiringika mpaka kwenye kiatu cha afisa. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya daftari. Mama Kipimo aliniangalia, akaangalia kitambaa mkononi mwangu, akaangalia duara lililofutwa nusu.

“Rudi,” akasema Baba Mdogo bila kunigeukia. Sauti ilikuwa ileile ya kunikataza kupanda ukuta nilipokuwa na miaka tisa. “Nimesema rudi.”

Nikatembea mpaka mbele yake, nikasimama kati yake na afisa, nikamtazama yeye peke yake, na nikasema kwa sauti ya kusikika ghala zima:

“Nakuahidi, Baba Mdogo. Sitatoka humu mpaka maduara yote kumi na mawili yameandikwa kwa jina langu.”